Kidole huitafuta noti, sikio huiweka sawa

Leo nitaijibu barua moja tu, kwa kuwa swali lililomo ni la watu wengi.

Mwandishi wake ni kijana aliyezaliwa Longech, ile rasi ya mchanga inayotazamana na Kalokol, ng'ambo ya ghuba ya Ferguson, katika Ziwa Turkana. Sasa ni mwanafunzi wa chuo jijini Nairobi. Mjomba wake aliuza mbuzi ili amnunulie saksafoni ya alto iliyokwisha kutumika. Hapa Nairobi, asema, chombo kinaimba vizuri na wenzake humsifu. Lakini alipokwenda nyumbani likizo ya Desemba na kujiunga na kwaya ya kanisa moja mjini Lodwar, mambo yaliharibika. Kila wimbo wa ufunguo wa G ulimkataa. Kinanda kilikwenda huku, saksafoni kule. Kiongozi wa kwaya akamwambia akiweke chombo chini hadi kitengenezwe. Mjomba naye amekata shauri kiuzwe, kwa kuwa ameamini walitapeliwa. Kijana auliza: "Je, kibovu ni chombo au ni mimi?"

Jibu langu ni kwamba yamkini hakuna kibovu. Lakini jibu la maneno machache halitamridhisha mjomba aliyetoa mbuzi wake. Basi tuketi tulieleze jambo lenyewe, ili hata wewe mzazi wa Umoja, Kisauni au Kondele, ambaye mwanao anapuliza chombo chumbani usiku na mchana, usije ukakiuza kwa ugonjwa ambao hakina.

Jina la noti huhama

Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, fundi Mbelgiji mzaliwa wa Dinant, aliyepata hataza yake huko Paris mwaka 1846. Aliunda jamii nzima ya saksafoni, kubwa kwa ndogo, na akapanga vidole viwe vilevile kwa zote. Ukijua kupuliza moja, waweza kuichukua nyingine bila kuanza upya. Faida hiyo ina gharama yake. Noti inayoitwa C kwenye alto si C ya kinanda. Ukipuliza C ya alto, kinanda husikia E flati.

Kwa hivyo mpiga alto hulazimika kuhamisha. Kanuni ni rahisi: chukua noti ya kinanda, kisha rudi nyuma nusu-toni tatu. Kinanda kikisema C, hesabu B, B flati, A. Wewe basi utapuliza A. Kinanda kikisema G, hesabu F shapu, F, E. Wewe utapuliza E.

Tazama sasa matokeo yake. Wapiga gita wetu hupenda nyimbo za G, D na A, kwa sababu nyuzi zilizo wazi huwasaidia. Wimbo wa G humpeleka mpiga alto kwenye E, wenye shapu nne: F, C, G na D. Wimbo wa D humpeleka kwenye B, wenye shapu tano. Wimbo wa C, ambao kwenye kinanda hauna kibao cheusi hata kimoja, kwake una shapu tatu. Flati humjia hasa mpiga kinanda anapohamia vibao vyeusi: wimbo wa A flati huwa F kwa alto, nao una B flati.

Ndiyo kusema mwanafunzi wa alto anayezijua noti za kawaida tu, akaziacha shapu na flati "hadi baadaye", atakwama siku ya kwanza atakaposimama karibu na gita.

Vidole vya shapu na flati

Mtoto aliyepitia rekoda shuleni ana mtaji tayari. Kwa mkono wa kushoto, kidole cha shahada peke yake ni B. Ongeza cha kati, ni A. Ongeza cha pete, ni G. Mkono wa kulia uendelee: cha shahada ni F, cha kati E, cha pete D. Kidole cha kati cha kushoto peke yake hutoa C. Gumba la kushoto likibonyeza kibonyezo cha oktava, noti hizo kuanzia D hupanda oktava moja kwa vidole vilevile.

Sasa shapu na flati, ambazo ndizo shina la leo.

F shapu: shika G kwa mkono wa kushoto, kisha ubonyeze kwa kidole cha kati cha kulia peke yake, cha shahada kikiwa juu. Unapotoka F kwenda F shapu na kurudi upesi, acha F ilipo na uguse kibonyezo kidogo cha pembeni kwa kidole cha pete cha kulia. Vidole havitagongana.

G shapu, ambayo pia ni A flati: shika G, kisha kidole kidogo cha kushoto kibonyeze kibonyezo chake.

D shapu, ambayo pia ni E flati: shika D kwa vidole vyote sita, kisha kidole kidogo cha kulia kibonyeze kibonyezo cha juu kati ya viwili vilivyo chini yake.

C shapu ya katikati: inua vidole vyote. Mtoto huifurahia kwa kuwa haina kazi. Mtaona punde kwamba urahisi huo una hila.

B flati, ambayo pia ni A shapu, ina njia tatu. Ya kwanza, shika A na uguse kibonyezo cha pembeni kwa ubavu wa mkono wa kulia. Hii ndiyo ya kujifunzia. Ya pili, shika B, lakini kidole cha shahada cha kushoto kilalie vibonyezo viwili kwa pamoja, kile cha B na kile kidogo kilicho chini yake. Hii yafaa katika nyimbo za flati, lakini usiitumie ikiwa B ya kawaida inafuata papo hapo, kwani kidole kitateleza. Ya tatu, vidole vya shahada pekee, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia. Hii hufaa unaporuka kutoka F kwenda B flati.

Jifunze zote tatu. Mchagua jembe si mkulima, lakini mkulima mwenye majembe matatu hujua lipi ni la mahali gani.

Senti mia moja

Watu wa muziki hupima umbali wa sauti kwa senti, na hesabu yake ni kama ya mfukoni mwetu. Nusu-toni moja ina senti 100, kama shilingi ilivyo na senti 100. Oktava ina nusu-toni 12, basi ina senti 1,200. Kinanda cha umeme kimegawiwa sawasawa kiwandani, nacho hakibadiliki. C shapu na D flati ni kibao kimoja.

Kwenye saksafoni pia ni vidole vilevile, lakini hapo ndipo ulinganifu unapokoma. Kidole hukufikisha mtaani, mlango ni lazima uutafute mwenyewe. Ukikaza taya, noti hupanda. Ukilegeza na kufungua koo kama mtu anayesema "o", hushuka. Mwanafunzi wa wastani aweza kuivuta noti senti 20 juu au chini kwa mdomo tu, mara nyingi bila kujua. Chombo chenyewe nacho hakikutoka kiwandani kikiwa kamili. Bomba lake lina matundu mengi na noti nyingi, na fundi hulazimika kupatanisha.

Joto la Lodwar

Sasa tufike nyumbani kwa mwandishi wetu.

Sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa yenye joto. Kwenye nyuzijoto 20, mwendo wake ni kama mita 343 kwa sekunde. Kwenye nyuzijoto 35, ambazo ni za kawaida mchana mjini Lodwar, ni kama mita 352. Hewa iliyo ndani ya bomba la saksafoni ndiyo inayoimba. Ikienda kasi, noti hupanda. Tofauti hiyo ya nyuzijoto 15, kama ingeipata hewa yote ya bombani, ingepandisha sauti senti 43 hivi. Hali halisi ni pungufu, kwa kuwa pumzi ya mpulizaji ina joto lake na hulipasha bomba hata Nairobi. Lakini hata tukichukua nusu tu, tunazungumzia senti 20 na ushei. Mwimbaji asiyesoma muziki hata siku moja atakunja uso.

Wako watakaosema ni shaba iliyotanuka kwa joto. Shaba hutanuka kweli, na ingeishusha sauti, wala isingeipandisha. Tena mtanuko huo haufiki hata senti moja. Wengine watasema ni kwa sababu Nairobi iko juu mlimani na Lodwar iko chini. Huo nao si mwinuko unaofanya kazi, ni joto. Mpige yuleyule alfajiri ya Julai huko Limuru, utamkuta ameshuka chini ya kinanda.

Msiba wa bendi ni kwamba gita hufanya kinyume. Nyuzi zake za chuma zikipigwa na jua hutanuka, hulegea, na sauti hushuka. Kinanda hubaki palepale. Basi katika kanisa moja lenye paa la mabati saa sita mchana, saksafoni imepanda, gita limeshuka, na kinanda kimeketi katikati kama mzee wa baraza asiyesikilizwa na yeyote. Kiongozi wa kwaya husikia vita, na lawama humwendea yule mwenye sauti kubwa kuliko wote.

C shapu inayolegea na D inayopanda

Dawa ya kwanza yajulikana. Saksafoni ikipanda, vuta nje kipulizio, yaani kile kipande cheusi cha mdomoni, juu ya gome laini lililozunguka shingo ya chombo. Bomba likirefuka, sauti hushuka. Ikishuka, kisukume ndani.

Lakini hapa ndipo wengi hutegwa, na naamini ndipo alipotegwa kijana wetu. Kuvuta kipulizio hakushushi noti zote sawa. Noti za vidole vichache, kama C shapu, C na B, hutumia kipande kifupi cha bomba, hivyo milimita chache huzishusha sana. Noti za vidole vingi, kama D na E flati, hutumia bomba refu, nazo hushuka kidogo tu.

Na sasa kumbuka tabia ya alto. C shapu ya vidole wazi, katika alto nyingi, huwa chini tangu mwanzo. D ya katikati, ile ya vidole sita pamoja na oktava, hupenda kupanda. Ukivuta kipulizio kwa ajili ya joto, C shapu huzidi kuanguka na D hubaki juu. Kati ya hizo mbili pangepaswa kuwa na senti 100, sasa pana zaidi.

Rudi kwenye wimbo wa G. Alto inapuliza katika E: E, F shapu, G shapu, A, B, C shapu, D shapu. Hapo C shapu na D shapu zimeketi bega kwa bega, moja imelegea na nyingine imepanda. Kijana atavuta kipulizio hadi mwisho na kukirudisha hadi mwisho, na hatapata mahali panaporidhisha zote mbili. Hakuna mahali hapo. Ni lazima kila noti ihudumiwe peke yake.

C shapu iliyolegea ina vidole vingine. Badala ya kuacha vyote wazi, bonyeza kibonyezo cha oktava kwa gumba, na uongeze kidole cha pete cha kushoto peke yake. Sauti hupanda kidogo na kunenepa. Jaribu zote mbili polepole kando ya kinanda, usikie ipi yafaa kwa chombo chako.

D iliyopanda nayo, ikiwa ni noti ndefu, ongeza kwa kidole kidogo cha kushoto kibonyezo cha B ya chini. Itashuka kidogo. Ikiwa yapita upesi, legeza taya tu. D shapu iliyo jirani yake, ilegeze kwa taya vivyo hivyo. E na A za oktava ya juu, pamoja na zile noti za juu kabisa za vibonyezo vya kiganja, nazo aghalabu huelekea kupanda. Zilegezee vilevile.

Kabla ya wimbo wa kwanza

Namna ya kujiandaa ni hii, ukiwa Lodwar, Kakuma au Mombasa.

Toa chombo mapema na ukiache kivulini, pale pale mtakapoimbia. Lowesha ridi, kile kijiti bapa cha tete, kwa maji safi, kwani hewa kavu ya Turkana huikausha na kuipinda upesi. Puliza noti ndefu kwa muda wa dakika kumi. Usilinganishe sauti na chombo kilichotoka mkobani sasa hivi, kwa kuwa utakirekebisha tena wimbo wa pili ukianza.

Kisha mwombe mpiga kinanda akupe A. Wewe puliza F shapu. Sikilizeni pamoja. Noti mbili zikikosana kidogo, hutoa mtikisiko, wa-wa-wa. A ya kawaida ni mitetemo 440 kwa sekunde. Ukiwa umepanda senti 20, una kama 445, nawe utasikia mitikisiko mitano kila sekunde. Vuta kipulizio kidogo kidogo. Mtikisiko ukipungua mwendo, unakaribia. Ukitulia kabisa, umefika. Simu yenye programu ya kupima sauti husaidia, lakini mtikisiko hausemi uongo na hauhitaji chaji.

Usiishie kwenye noti moja. Mwombe kinanda D, nawe upulize B. Mwombe E, nawe upulize C shapu, kwa vidole vya aina zote mbili. Mwombe F shapu, nawe upulize D shapu. Sasa unajua kabla ya ibada ni noti zipi za kuchungwa. Mwisho, gita nalo lilinganishwe na kinanda hapohapo, chini ya paa lilelile. Mkipumzika kwa muda mrefu, rudieni.

Na kabla ya kupuliza, iimbe noti moyoni. Wacheza edonga wa Turkana hawana kinanda wala simu ya kupima. Mmoja huanza, wengine humpokea, na sauti hupatana kwa sababu kila mmoja anamsikiliza jirani yake. Kijana aliyekulia Longech ana sikio hilo tayari. Amelisahau tu alipoanza kutazama vidole.

Kwa mzazi na mjomba

Haimaanishi kwamba hakuna saksafoni mbovu. Ziko, na uchunguzi wake si mgumu. Ingia katika chumba chenye giza, teremsha tochi ndogo ndani ya bomba, na ufunge vibonyezo kimoja kimoja kwa vidole vyepesi. Mwanga ukipenya chini ya pedi, hewa nayo yapenya. Chombo hicho kitakataa noti za chini na chahitaji fundi. Mchanga wa ziwani ukijibana kwenye pedi huleta ugonjwa huohuo, kwa hivyo kisirudishwe mkobani bila kufutwa. Wala kisiachwe juani au garini, kwa kuwa gundi inayoshika pedi hulainika kwa joto.

Ukinunua saksafoni kuukuu sana, tafuta chapa karibu na namba yake. Baadhi ya zile zilizoundwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 zilitengenezwa kwa kipimo cha juu, A ikiwa kama 457, nazo zina alama ya H au HP. Zimepanda senti 65 hivi, na hazitapatana vyema na kinanda cha leo hata ukivuta kipulizio mpaka kianguke. Zenye L au LP ni za kipimo cha kawaida.

Lakini chombo kikipita majaribio hayo, na kikiimba sawa hapa Nairobi, basi kiacheni. Mbuzi wa mjomba hawakupotea. Kinachotakiwa ni miezi kadhaa ya noti ndefu kando ya kinanda, nusu saa kila siku, na uvumilivu wa waliomo nyumbani. Verckys Kiamuangana Mateta, aliyepuliza saksafoni katika OK Jazz ya Franco miaka ya 1960 kabla ya kuunda Orchestre Vévé, alifanya kazi yake katika joto la Kinshasa, pembeni mwa magita. Rumba tunayoipenda ilipatikana kwa watu wa vyombo tofauti kukubali kusikilizana.

Kwa viongozi wa kwaya nina ombi moja. Kijana akikosa sauti, msimwambie akae chini hadi kesho. Mpeni A, mpeni dakika kumi, mpeni kivuli.

Hadi Jumapili ijayo, tukijaliwa, nawatakia juma jema.